Makala ya Mpemba haisemi hivyo

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Majengo, Moshi, mama anayeuza barafu za ubuyu, aliniita nikaone friza yake. Usiku alikuwa amepanga vifuko 40 vya ubuyu uliotoka jikoni ukifuka mvuke, akaviweka juu ya vile vilivyokuwa vimekwisha kuganda, na asubuhi akakuta vya chini vimelegea na vya juu bado ni uji. "Mwalimu," aliniambia, "si nyinyi watu wa fizikia mliosema cha moto kinaganda haraka? Si yule Mpemba wetu?"

Nilimpa pole, lakini nilirudi nyumbani nimekasirika, kwa sababu sentensi hiyo nimeisikia kwa wazazi, kwa wanafunzi wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha sita, na kwa walimu wenzangu ambao walipaswa kujua zaidi. Wote wanasema kwamba Erasto Mpemba, Mtanzania aliyeandika makala juu ya jambo hili akiwa bado mwanafunzi, alithibitisha kuwa maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi. Makala yenyewe, ambayo naipenda kuliko makala yoyote ya kisayansi niliyowahi kuisoma, haidai sheria ya namna hiyo, na anayemsifu Mpemba kwa kumbebesha dai hilo anamnyang'anya kile alichokifanya kweli.

Makala ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, ina kurasa 4 tu, na kichwa chake ni neno moja lenye alama ya kuuliza. Waandishi ni wawili: Mpemba, na Denis Osborne aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sisi wa Moshi tuna sababu ya pekee ya kuisoma, kwa kuwa wakati inachapishwa Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapo juu mlimani, na anwani iliyochapishwa pamoja na jina lake ni ya chuo hicho.

Kisa cha aiskrimu wengi wanakijua, kwa hiyo nitakipita haraka. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Mpemba aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda huku ya mwenzake, ambayo hayakuwa yamechemshwa, yakiwa bado mazito tu. Mwalimu alimwambia kuwa alichanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine aliita jambo hilo fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Kinachosahaulika ni kwamba katikati ya madharau hayo kijana alikutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kuwa yeye huingiza mchanganyiko ukiwa moto ili ugande mapema, kisha akachukua bika mbili, yaani glasi za kupimia, katika maabara ya biolojia na kujaribu mwenyewe. Osborne alipotembelea Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali lililokamilika: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja kwa nyuzi 35 na kingine kwa nyuzi 100, vyote katika friji moja, na cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake walimcheka. Osborne alikiri baadaye kwamba hakuamini, lakini alirudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara alileta jibu kwamba maji ya moto yalitangulia, na akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate matokeo yaliyo sahihi.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu hawataki kulisoma. Osborne alitumia maji ya sentimita za ujazo 70 katika bika za sentimita za ujazo 100, akaziweka juu ya kipande cha povu kinachozuia joto, na akapima muda hadi maji yanapoanza kuganda, si hadi bika nzima iwe barafu. Muda mrefu kuliko wote ulikuwa wa maji yaliyoanza karibu na nyuzi 25, na kuanzia hapo ulipungua kadiri joto la mwanzo lilivyopanda kuelekea nyuzi 90. Hayo ni matokeo ya chombo kimoja, katika friza moja, kwa kipimo kimoja cha neno "kuganda". Ukibadilisha chochote kati ya hivyo, unauliza swali jingine.

Lile povu lina maana kubwa. Bila povu, sufuria ya moto huyeyusha sakitu, yaani ule utando mweupe wa barafu, iliyoshika sakafu ya friza, ikazama na kugusa chuma, na maji yale yaliyoyeyuka yakiganda tena huishika kama gundi. Nimeinua sufuria na kukuta duara safi la chuma tupu chini yake, wakati jirani yake ya baridi imekaa juu ya sakitu kavu inayozuia joto kama blanketi. Hapo cha moto kinaweza kushinda kwa sababu ya kitako chake, wala si kwa siri yoyote ya maji. Osborne aliliondoa hilo mapema. Alifunika pia uso wa maji kwa utando wa mafuta, kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa, ikaonekana kwamba joto lilikuwa likitoka zaidi kwa juu. Mvuke unaopotea, alisema, hautoshi kueleza tofauti yote. Mwaka huohuo wa 1969 G. S. Kell wa Kanada aliandika juu ya jambo hilohilo bila kuwategemea hawa, naye akasema sababu ni mvuke unaopotea.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, Uingereza, walipima muda wa kufika nyuzi 0, wakahitimisha kuwa hawakupata ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hutangulia, na wakaonyesha kuwa kupandisha au kushusha kipimajoto kwa sentimita 1 kunatosha kuleta matokeo ya uongo. Nilipowaeleza walimu wenzangu hilo, mmoja alisema Wazungu wanamwonea Mpemba. Hapana. Waliocheka bila kupima ndio waliomwonea. Hawa walichukua swali lake na kulifanyia kazi, na kudharauliwa peke yake hakujawahi kumfanya mtu awe sahihi. Tena swali halikuzikwa: mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, Kanada, walionyesha katika jarida la Nature kwamba chembe ndogo sana iliyo ndani ya maji inaweza, katika mazingira yaliyopangwa kwa uangalifu, kupoa upesi zaidi ikianzia joto la juu. Hilo si barafu ya ubuyu, lakini limeitwa kwa jina la Mpemba.

Nami nikiri. Nimefanya jaribio hili na wanafunzi wangu mara nyingi, kwa maji ambayo hapa Moshi huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na mara nyingi baridi hutangulia, mara chache moto, na mara hizo chache siwezi kuzirudisha kwa hiari yangu. Wakati mwingine maji hushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, kisha yakaganda ghafla ukigusa bika, na jedwali zima likawa halina maana. Sina hakika kama katika maji ya kawaida jambo hili lipo kwa namna inayoweza kutabiriwa, na ninawafundisha vijana wangu kwa maneno hayohayo.

Jirani nimemwambia apoze ubuyu kwanza kwenye beseni la maji, avitandaze vifuko visilaliane, na vya moto visiguse vilivyoganda. Jumamosi tutaweka vifuko 6 juu ya povu katika friza yake, vitatu vya moto na vitatu vya baridi, na binti yake wa kidato cha pili ndiye atakayeshika saa na daftari.