Rufiji 1915: manowari za mtoni zilizotengenezwa kwa ajili ya Amazon

Aliyezoea delta ya Rufiji anajua kuwa huko safari hupangwa na bahari. Maji yakijaa, chombo hupita. Yakipwa, hupwelewa kwenye matope katikati ya mikoko. Jambo hilo ndilo lililoikinga manowari ya Kijerumani Königsberg kwa karibu miezi 10.

Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, huko Zanzibar, kisha ikarudi kujificha Rufiji, mitambo yake ikihitaji matengenezo. Wajerumani walikuwa wameipima mikondo ya delta kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilhali ramani za Waingereza hazikuonyesha kuwa meli kubwa ingeweza kupita. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza waliigundua, lakini manowari zao zilikaa chini mno majini, hazikuweza kuifuata. Mwezi Novemba waliizamisha Newbridge, meli ya makaa ya mawe, ili kuziba njia. Delta, bila shaka, ina midomo mingi.

Dawa ilipatikana mbali. Brazil ilikuwa imeagiza Uingereza meli tatu za kivita za kutumia mto Amazon, malipo yakakwama, Waingereza wakazinunua. Mbili kati yake, Severn na Mersey, zilihitaji kina cha maji kisichofika mita 2 na kila moja ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6. Zikakokotwa baharini hadi Mafia, ambako zilifika Juni 1915. Chombo cha mtoni hakina tumbo la kukabili mawimbi. Safari yenyewe ilikuwa bahati nasibu.

Julai 6 ziliingia mtoni, zikapigwa, Mersey ikapoteza mzinga wake wa mbele. Kwa kuwa mikoko ilizuia macho, wapigaji walitegemea ndege iwaambie kombora limeangukia wapi. Julai 11 ndege hiyo ilipigwa, lakini waliomo waliendelea kutuma masahihisho huku ikishuka, wakaokolewa mtoni. Siku hiyo Kapteni Max Looff aliamuru Königsberg ilipuliwe.

Mizinga yake 10 haikuzama nayo. Iliopolewa, ikaburutwa na watu hadi Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine ulifungwa kwenye Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo tunaiita Liemba.