Tonge linapokwama kifuani: maswali ya barazani kuhusu kansa ya umio na mwanga unaoiona mapema

Toka nirudi nyumbani Ngamiani, baada ya miaka kadhaa ya unesi kwenye chumba cha endoskopi kule Dar, pale wanapomwingiza mtu mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, jioni tukikaa barazani na kahawa mimi ndo naulizwa kila kitu cha afya. Haya ni yale yanayojirudia kuhusu kansa ya umio, nimeyaandika kama nilivyoyajibu, maana ugonjwa huu umeingia mpaka nyumbani kwetu.

Umio ndo koo?

Wengi wanasema kansa ya koo ila umio uko chini zaidi. Ni lile bomba la nyama linalopeleka chakula toka kooni mpaka tumboni, kwa mtu mzima ni kama sentimita 25, na linapita kifuani nyuma ya moyo, ndo maana mgonjwa hashiki shingo, anaweka ngumi katikati ya kifua anakwambia kinaganda hapa.

Dalili ya kwanza ni ipi?

Hapa ndo penye shida yenyewe jamani. Mwanzoni hamna dalili. Umio unatanuka vizuri tu, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua ndani yake muda mrefu na mtu anakula kama kawaida, siku anaanza kusikia tonge linakwama ujue njia imeshabanwa sana.

Baba mdogo wangu alianza kwa kuchovya mkate kwenye chai, tukaona ni uzee. Akaacha nyama, akasema meno. Ugali akawa anausukuma na maji, tonge moja funda moja, mwisho akawa anaomba uji tu na suruali inamvuka. Zahanati aliyokuwa anaenda walimpa dawa za vidonda vya tumbo karibu miezi mitano, kila akirudi anaongezewa nyingine, hakuna aliyemuuliza baba unakula vipi. Na mimi nilikuwa Dar, kwenye simu nasikia tumbo linamsumbua, sikuuliza zaidi. Tulipompeleka kupigwa kamera, mpira haukupita.

Kwa hiyo ukiona wewe au mzazi wako chakula kikavu kinakwama, wiki ya kwanza, ya pili, bado, usinunue tena dawa ya kiungulia dukani, nenda hospitali useme kwa maneno hayo hayo, "chakula kinakwama", na uombe kuangaliwa kwa kamera.

Sasa hiyo kamera inaona nini ambacho picha zingine hazioni?

Ultrasaundi ya tumbo haitakuonyesha kansa changa ya umio. Eksirei ya kumeza ile dawa nyeupe inaonyesha pale palipobana, ila kansa changa haijabana kitu, imelala tu kwenye ngozi ya ndani kama baka, na CT, ile eksirei ya kompyuta, yenyewe kazi yake kubwa ni kuonyesha ugonjwa umefika wapi. Baka linaonekana kwa mwanga tu, na wataalamu wamehangaika sana na huo mwanga.

Mwanga mweupe wa kawaida unaonyesha ukuta wa umio una rangi ya waridi iliyopauka, unang'aa, na kansa changa inaweza ikawa wekundu kidogo tu ambao hata daktari mzuri anaupita. Ndo wakaja na ujanja wa kuchuja mwanga ubaki wa bluu na wa kijani, nanomita 415 na 540, ndo kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga. Kwa nini hizo? Kwa sababu damu inazimeza sana hizo rangi, kwa hiyo mishipa midogo ya damu inajitokeza kama michoro ya wino. Kansa ikianza inavuta mishipa ya kuilisha, ile mishipa inanenepa na kujisokota, na pale pale kwenye skrini panatokea doa la kahawia. Daktari anabonyeza kitufe tu mwanga unabadilika, mgonjwa hata hajui.

Na ile ya kupaka madini joto?

Hii ndo niliyoishika kwa mikono yangu na ndo naipenda kuliko zote. Kina mama mnajua kile kipimo cha mlango wa kizazi wanachopaka siki, sehemu mbaya inageuka nyeupe? Hii ni ndugu yake. Madini joto, ndo ayodini, inapulizwa kwenye ukuta wa umio kwa kijimrija kinachopita ndani ya mpira wa kamera. Seli zenye afya zimejaa sukari fulani ya akiba inaitwa glaikojeni, ikikutana na ayodini inageuka kahawia. Seli zilizoanza kuharibika hazina akiba hiyo.

Siku ya kwanza kuona nilisimama mdomo wazi. Umio wote uligeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mikunjo yote inaonekana, na upande mmoja kikabaki kijisehemu kama ukucha wa kidole gumba, cha njano, kimekataa rangi kabisa. Tukasubiri dakika mbili tatu, kikaanza kugeuka waridi. Dakika chache kabla pale pale tulikuwa hatuoni kitu! Daktari akanyofoa vinyama pale pale.

Kule Cixian, China, ambako ugonjwa huu umekithiri, watu wa miaka 40 hadi 69 walipigwa kamera yenye ayodini mara moja tu, waliokutwa na mabaka mabaya wakatibiwa, wakafuatiliwa miaka 10. Matokeo yalitoka 2015: waliokufa kwa kansa ya umio kwenye vijiji vilivyochunguzwa ni asilimia 3.35, na kwenye vijiji vya kulinganisha ni 5.05. Kwa ayodini jamani, kitu kisicho cha bei.

Ila inawasha kifua kidogo baadaye, na kama una goita au mzio wa ayodini lazima useme kabla.

Kuna watu wanasema siku hizi unameza kidonge chenye kamera?

Vipo vya aina nyingi, ila cha umio kinachonivutia ni kile cha Gary Tearney na wenzake wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichokionyesha 2013. Kimefungwa kwenye kijiwaya, unakimeza na maji bila dawa ya usingizi, ndani kuna leza inazunguka na kusoma jinsi mwanga unavyorudi toka kwenye tabaka za ukuta, kama ultrasaundi ila kwa mwanga badala ya sauti. Dakika chache wanakivuta wanakiosha. Kilitengenezwa zaidi kwa ile aina ya kansa inayotokana na kiungulia cha miaka mingi, ambayo iko zaidi kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani, sisi huku Afrika Mashariki nyingi ni aina nyingine inayoanza kwenye ngozi ya umio yenyewe.

Kwa hii yetu, Rebecca Richards-Kortum na watu wake wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walitengeneza darubini ndogo, waya mwembamba kama milimita moja unapita ndani ya endoskopi, unapaka rangi inayong'arisha viini vya seli unaviona hapo hapo, vimejipanga au vimevurugika. Imejaribiwa China na Marekani, na inapunguza kunyofoa vinyama bila sababu.

Kunyofoa kinyama si ndo kuitawanya kansa?

Hapana. Najua msemo wetu kwamba kansa ikiguswa chuma inakimbia mwili mzima, ila kinachoitawanya ni muda. Bila kinyama hakuna anayeweza kukwambia kwa uhakika ni kansa au sio, mwanga unaonyesha tu pa kukata. Na baka likikutwa bado liko juu juu, linaweza kutolewa kwa hiyo hiyo kamera bila kupasuliwa kifua.

Kwa hiyo kahawa tuache?

Usiache kahawa, acha moto. Tangu 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha kansa, na kahawa ikitoka kwenye dele lililokaa juu ya mkaa mnajua wenyewe inavyounguza. Iache kwenye kikombe, maliza kashata kwanza. Sigara na pombe ni mbaya zaidi, zikikaa pamoja ndo kabisa, na tambuu yenye tumbaku pia.

Kipimo kinauma?

Kinakera, hakiumi. Usile toka usiku, unapuliziwa ganzi kooni, unalala ubavu wa kushoto, unapumua kwa pua. Ukitoka usinywe kitu mpaka ganzi iishe. Na majibu ya kinyama yakiwa tayari nenda mwenyewe na mtu wako, usimtume mtoto akachukue karatasi, kwa baba mdogo karatasi ilikaa ndani ya Kurani wiki nzima kwa sababu aliyeichukua hakujua kuisoma na mwenyewe hakutaka kuuliza.