Faili la MIDI halina sauti ndani yake

Katika kwaya za Mbeya na Iringa, wimbo wa MIDI ukisikika mkavu kama mlio wa simu ya zamani, lawama huangukia faili: "limerekodiwa vibaya." Faili linaonewa. Ndani yake mna maagizo tu: noti ipi, ibonyezwe kwa nguvu gani, iachiwe lini. Sauti hutoka kwenye benki ya sampuli (mkusanyo wa sauti za ala zilizorekodiwa), yaani faili la SF2. Badilisha hiyo, kisha piga wimbo kwa programu ya fluidsynth (-g ni kiwango cha sauti):

fluidsynth -g 0.5 benki.sf2 wimbo.mid

Chagua benki inayofuata General MIDI, mpangilio sanifu wenye ala 128. Ngoma zikinyamaza, huenda benki haina seti ya ngoma za chaneli ya 10, njia iliyotengwa kwa ngoma. Sauti ikipasuka, shusha -g hadi 0.2. Benki kubwa hujaza RAM. Kompyuta dhaifu ipewe ndogo.