Mazao ya misitu yasiyo ya mbao: maana yake na wanawake wanaoyategemea

Mazao ya misitu yasiyo ya mbao ni vitu vitokanavyo na mimea na viumbe wa msituni, vinavyopatikana bila kuangusha mti kwa ajili ya mbao: matunda, mbegu, uyoga, mizizi ya dawa, asali, nta, utomvu, ukindu. Kuni na mkaa kwa kawaida havihesabiwi humo, ingawa kwa mama anayetoka msituni na tita kichwani na uyoga ndani ya kanga mgawanyo huo hauna uzito mkubwa. Jina lenyewe lina kasoro, kwa kuwa linakitambulisha kitu kwa kile ambacho sicho, kana kwamba mbao ndiyo zao na mengine ni masazo. Katika vijiji vingi vya Tanga masazo hayo ndiyo fedha ya mkononi ya wanawake.

Mfano ulio wazi ni msambu, mti wa misitu ya Usambara Mashariki ambao wataalamu huuita Allanblackia stuhlmannii. Tunda lake huweza kufikia kilo kadhaa, nalo halichumwi, bali huiva na kudondoka lenyewe. Katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi ya Amani, wilayani Muheza, waokotaji huyakusanya matunda hayo na kuyafunika kwa majani kwa siku kadhaa mpaka nyama yake ilainike, kisha huzitoa mbegu kwa mikono na kuzianika. Mafuta ya mbegu hizo huganda yakiwa katika joto la kawaida, na wenyeji waliyapikia zamani kabla viwanda vya ng'ambo havijayatafuta kwa ajili ya majarini. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyaidhinisha kuwa chakula.

Kazi hii imewaangukia wanawake kwa sababu zinazoeleweka. Haihitaji mtaji, huingia katikati ya shamba na jiko, na zaidi ya yote haimlazimu mtu kumiliki ardhi. Msambu uliosimama shambani una mwenyewe, na mara nyingi huyo ni mwanamume. Lakini tunda lililodondoka msituni ni la aliyeliokota, iwapo taratibu za msitu huo zinamruhusu kuingia. Kwa hiyo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyoviwezesha vijiji kutenga na kusimamia misitu yao, inamgusa muokotaji moja kwa moja, na kwa maoni yangu sauti yake katika kamati ya maliasili ya kijiji ina thamani kuliko semina nyingi za ujasiriamali. Udhaifu uko sokoni: anayeuza mbegu ghafi kwa mnunuzi mmoja hupokea bei aliyopangiwa.

Kutokata mti hakumaanishi kutoudhuru msitu. Ukindu wa mikeka hutokana na majani machanga, na yakikatwa yote kila mara mkindu hudhoofika. Mbegu ya msambu huchukua miezi mingi kuota, hivyo palipookotwa zote miche haitaonekana. Tena msambu una mti dume na mti jike, na mwenye shamba anayeufyeka dume kwa kuwa hauzai huwanyima majike yake chavua, na waokotaji matunda ya msimu unaofuata.