Daktari anampima mgonjwa: picha ndiyo inayosema ni nani

Chukua sentensi ya kawaida ya vitabu vya Kiswahili vya shule ya msingi: Daktari anampima mgonjwa. Kiambishi a- hakisemi kama daktari ni mwanamume au mwanamke, wala -m- haisemi lolote kuhusu mgonjwa. Jinsia inaletwa na mchoro peke yake. Mchoraji akiweka mwanamume mwenye koti jeupe na mwanamke kitandani, mtoto amefundishwa jambo ambalo sentensi haikulisema. Kwa hiyo picha katika kitabu cha Kiswahili si pambo hata kidogo.

Ninapokagua kitabu, kila mtu aliyechorwa anapata mstari wake kwenye jedwali: ukurasa, jinsia, umri, mahali alipo, anachofanya, macho yake yanaelekea wapi. Jinsia isipotambulika, andika "haijulikani". Usikisie kwa nywele. Wasichana wengi wa shule zetu hunyolewa kama wavulana.

Kosa kubwa ni kuishia kwenye idadi. Wanawake wanaweza kuwa nusu kamili ya watu wote kitabuni na bado kila mmoja akawa na ndoo kichwani au mwiko mkononi. Hesabu watenda na watendwa. Mtoto mwenye kiti cha magurudumu, kwa mfano, mara nyingi husukumwa na mwenzake, tena katika somo la ulemavu tu. Kwenye somo la sokoni hayumo.

Kisha tazama macho na pembe ambayo mtu amechorwa kutokea. Kress na van Leeuwen, wataalamu wa namna picha zinavyojenga maana, walilieleza hili vizuri mwaka 1996: anayemtazama msomaji usoni anamtaka aitikie, anayetazama kando anabaki kitu cha kuangaliwa. Aliyechorwa kutokea juu huonekana mnyonge.

Dawa iko kwenye maelekezo anayopewa mchoraji. "Daktari na mgonjwa" hayatoshi, kwani atachora alichozoea. Andika: daktari ni mwanamke wa miaka 50 hivi, ameketi, macho yake usawa na ya mgonjwa, mgonjwa ni kijana wa kiume, anaonyesha kwa kidole panapouma.

Mwisho, soma zoezi lililo chini ya picha. Baba amechorwa akiosha vyombo, halafu swali linauliza: "Mama amekwenda wapi?" Hapo mchoro mzuri umeharibiwa na swali moja. Uliza: "Baba ameosha vyombo gani?"