Je, wajua kwa nini nasaha pekee hazimtulizi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza?

Mwanafunzi mpya wa chuo akianza kuyumba, sababu huwa tunazo tayari: shule aliyotoka ilikuwa dhaifu, Kiingereza kinamsumbua, au bumu, yaani fedha ya mkopo wa masomo, limemlevya. Dawa nayo tunayo. Wiki ya utambulisho anaonywa kuhusu sapu (mitihani ya marudio) na kudisko (kufukuzwa chuo kwa kufeli), na jioni mjomba anapiga simu kumkumbusha kilichompeleka chuo.

Maonyo hayo hayana ubaya, ila yanachukulia kwamba anachokosa ni bidii au taarifa. Kuna utafiti unaoonyesha kuwa shida yaweza kuwa kwingine: katika namna anavyojieleza yanayomkuta.

Mwaka 2011 wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen wa Marekani walichapisha katika jarida la Science jaribio walilofanya kwa wanafunzi 92 wa mwaka wa kwanza, weusi na weupe. Baadhi yao walisoma maelezo mafupi ya waliowatangulia: mwanzoni walijiona si watu wa pale, wakahangaika, kisha kadiri muda ulivyokwenda wakazoea. Baada ya kusoma, kila mmoja aliandika jinsi mambo hayo yalivyomkuta yeye, akakaa mbele ya kamera ya video na kuyasoma kwa sauti. Zoezi zima lilichukua kama saa moja. Wengine walipewa zoezi la namna hiyohiyo, ila juu ya mada isiyohusiana.

Hadi wanamaliza chuo, miaka mitatu baadaye, GPA (wastani wa alama) za wanafunzi weusi waliofanya zoezi hilo zilikuwa zimepanda kiasi cha kupunguza karibu nusu ya pengo kati yao na weupe. Saa moja tu!

Ni rahisi kudhani walitiwa moyo. La. Hakuna aliyewaambia wana akili wala kuwataka wakaze buti. Hata kwamba wanasaidiwa hawakuambiwa: walielezwa kuwa video zao zitaoneshwa wanafunzi wa mwaka unaofuata, kwa hiyo walikaa pale kama wenyeji wanaosaidia wageni. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu ukimwita mtu kando na kumwambia “watu kama ninyi huwa mnapata shida hapa, tumewaletea msaada”, umeshamthibitishia kilekile alichokuwa anakiogopa.

Sasa, saa moja inafanyaje kazi miaka mitatu? Mfikirie mgeni anayepanda Kilimanjaro. Akifika kambi ya Horombo, mita 3,720, kichwa kinaanza kugonga. Kama aliambiwa mapema kuwa maumivu hayo huwapata wengi, atapunguza mwendo, atakunywa maji, atalala, na kesho ataendelea. Asipoambiwa, atajiona mwili wake haukuumbiwa mlima na kuanza kutafuta njia ya kushuka. Kichwa ni kilekile.

Chuoni kichwa kinagonga pale jaribio la kwanza linaporudi na 9 kati ya 20, au wenzako wa chumba wanapokwenda kula bila kukuita. Asiyejua kuwa wengine nao wanaumia kimyakimya huona hiyo ni hukumu. Anaacha kwenda ofisini kwa mhadhiri, anakaa nyuma, anakosa kundi la kusoma nalo, na alama zinazofuata zinakuja kuithibitisha hukumu. Aliyeliona tukio kama jambo la kupita anabisha hodi kwa mhadhiri, anapata marafiki, na hao ndio wanaombeba mwaka wa pili na wa tatu.

Wanafunzi weupe hawakupata nyongeza ya maana. Huenda ni kwa sababu 9 kati ya 20 haikuwahi kuwafanya wajiulize kama rangi yao inakubalika pale.

Watu 92 ni wachache, na tahadhari ilihitajika. Mwaka 2023 timu kubwa, Walton akiwemo, ilichapisha matokeo ya wanafunzi 26,911 katika vyuo 22, safari hii kwa zoezi la mtandaoni lisilofika nusu saa. Zoezi liliwasaidia wengi zaidi kumaliza mwaka wa kwanza, lakini tu pale ambapo chuo chenyewe kiliwapa watu wa kundi lao la kijamii nafasi ya kweli ya kujisikia wenyeji. Pasipo nafasi hiyo, halikufua dafu.

Kituko ni kwamba washiriki wa lile jaribio la 2011, walipoulizwa mwishoni mwa chuo, wachache sana walikumbuka walichokisoma, na wengi hawakudhani kuwa kiliwasaidia chochote.