Sakafu ya mbao haidekiwi kwa ndoo, jamani

Wiki hii nimesikia tena, sijui mara ya ngapi mwaka huu: "Fundi, mbona mimi nadeki kila asubuhi, maji ya kutosha na sabuni ya unga, sasa hizi mbao zinainukaje?" Zinainuka kwa sababu hiyo hiyo dada yangu. Huo usafi ndo unaoziua.

Watu wanahama kutoka nyumba ya tailizi wanaingia apatimenti yenye sakafu ya mbao, wanabeba na deki yao vile vile. Wanaamini vanishi imefunika kila kitu kama nailoni. Vanishi iko juu tu, pale ubao unapokutana na ubao mwenzake kuna mwanya, maji yanashuka humo mpaka chini ambako hakuna vanishi wala hewa, na mbao hata iwe mninga wa miaka 30 bado inanyonya. Chini inavimba, juu imekauka, basi kingo zinanyanyuka na katikati panabonyea, ukitembea peku unahisi matuta.

Juzi nilikuwa Kijenge, Arusha, ghorofa ya pili, mpangaji kalipa miezi sita na kwa macho sakafu yake inang'aa kweli. Nikang'oa ubao mmoja karibu na mlango wa jikoni. Mgongo wake ulikuwa mweusi, unanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni, na saruji ya chini nilivyoipapasa kiganja kikatoka na unyevu. Mwenye nyumba anamlaumu mpangaji, mpangaji anamlaumu binti wa kazi, na yule binti maskini kafundishwa deki ya tailizi tangu kwao, nani alimkalisha akamwelekeza tofauti? Iliniuma sana.

Halafu linakuja kosa la pili, mwenye nyumba anataka nipige msasa leo leo ili akodishe mwezi ujao. Hapana. Ukikwangua zile kingo wakati mbao bado ina maji, ikija kukauka inarudi chini, na wewe kingo ulishazila, sasa katikati ndo panabaki mgongo. Umeharibu mara mbili. Ziba chanzo cha maji, fungua madirisha, subiri wiki kadhaa, na mara nyingi mbao inajirudi yenyewe kwa kiasi kikubwa, ndo uite mashine.

Usafi wenyewe ni kazi ndogo tu. Fagia kwa brashi laini, maana mchanga wa viatu ndo unaochuna vanishi, kisha chukua kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakitoi hata tone, futa kwa kufuata urefu wa ubao, na kingine kikavu kipite nyuma yake. Maji yakimwagika, futa hapo hapo, usisubiri tamthilia iishe. Na mlangoni weka tambara la miguu, hili nawaambia wateja wangu wote hadi wananichoka.

Mengine ya haraka. Eti mafuta ya taa kwenye maji ya deki yanafukuza mchwa: hayafukuzi, yanafifisha vanishi na kuacha utando wa mafuta, siku ya kupaka vanishi mpya haishiki. Na mchwa wenyewe wanapenda unyevu, kwa hiyo ukimwaga ndoo unawakaribisha. Kiini cha mninga au mkongo wanakishindwa, wanachokula ni ile sehemu nyeupe ya pembeni ambayo fundi mwenye haraka hakuiondoa.

Eti nyufa kati ya mbao ni fundi kalipua. Kama zinatokea kiangazi na kujifunga masika, Machi mpaka Mei, hiyo ni mbao inapumua, inasinyaa kwa upana na kutanuka tena. Usizijaze gundi, mvua zikija mbao zitakosa pa kwenda zitasukumana.

Eti mkwaruzo mmoja basi dipoziti yote imekwenda. Mbao halisi ya milimita 18 au 20 inapigwa msasa mara kadhaa katika maisha yake, mkwaruzo wa mguu wa kochi ni kazi ya chumba kimoja, usikubali ukatwe hela ya sakafu nzima. Piga video ya kila chumba siku unapokabidhiwa funguo, kabla hujaingiza hata godoro.

Ila hapo uwe umehakikisha ni mbao kweli, maana dalali kwake kila chenye rangi ya mbao ni mbao. Lamineti ni picha ya mbao juu ya vumbi la mbao lililoshindiliwa, haipigwi msasa hata mara moja na ikinywa maji ndo imekwisha. Inama kizingitini au pale bomba linapopenya sakafu, tazama mkato wake: nyuzi za mbao zikishuka kutoka juu mpaka chini, ni mbao. Ukiona karatasi juu na unga wa kahawia chini, lamineti hiyo, na kodi ijadiliwe upya.